Kitambi cha Fundi Wanjala

Siku niliyostaafu mliniletea keki, blanketi na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaachie nyinyi vijana "maneno mawili ya hekima". Nilipofungua mdomo, msimamizi wa kliniki akatazama simu yake akasema soda zinapata joto. Basi maneno yangu nikayameza. Leo nayatoa hapa, na si mawili.

Mimi ni Sista Zamzam, Mnubi wa Kibera, mzaliwa wa hapa hapa. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, upande wa Sarang'ombe tangu enzi ambazo wagonjwa waliletwa kwetu kwa mkokoteni. Mkiniuliza adui gani alinisumbua zaidi kazini, najua mnangoja niseme virusi. Virusi! Virusi vina adabu. Ukivipa dawa kila siku vinalala, na vikilala havibishani na mtu. Walionisumbua ni wenye akili zao timamu.

Chukueni yule bwana wa mradi aliyekuja kutufundisha habari za moyo. Alileta bango lenye moyo mwekundu unaotabasamu, umevalishwa viatu vya kukimbilia. Akasimama mbele ya watu wa Soweto West, hapa hapa Kibera, watu wanaobeba maji na makaa kutwa kucha, akawaambia wajiunge na gym. Akawaambia wawe wakila samaki wa bahari baridi, wapike kwa mafuta ya zeituni. Mama mmoja muuza makaa akainua mkono.

"Huyo samaki, pale soko la Toi anauzwa upande gani?"

"Hilo ni swali zuri sana," akajibu yule bwana.

Mtu akikwambia swali lako ni zuri sana, jua hana jibu. Chumba kizima kiliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Wanjala. Alicheka akikipiga kitambi chake kama ngoma. Ni huyo Wanjala ninayetaka kuwasimulia.

Wanjala alikuwa fundi wa kuchomelea, kibanda chake kikiwa Kawangware, karibu na steji ya matatu za 56. Alitengeneza milango na grili za madirisha. Kliniki ya dawa za virusi ilikuwa karibu naye hivi kwamba angerusha jiwe angevunja kioo chake. Lakini kuketi kwenye benchi ya kliniki ile? Mbele ya wateja wake? Thubutu! Alisafiri hadi kwetu Kibera kuchukua dawa zake, akidhani kwamba watu wa Kibera hawana macho. Kila siku ya kliniki alimuaga mwenzake wa kazini, Kamau, kwamba anakwenda kutafuta vyuma. Na kila siku ya kliniki alirudi bila chuma, hata cha ukubwa wa sindano.

Mara ya kwanza kumwona, mkewe Nafula alikuwa amemshikia suruali isianguke. Nafula alipimwa siku hiyo hiyo, akakutwa hana virusi. Akaketi, akalia kidogo, kisha akauliza mumewe atakula nini. Hakuuliza kingine. Dawa zikafanya kazi. Nyama ikarudi kwenye mashavu, shingo ikanenepa, kisha kikaja kitambi. Sasa nyinyi mnaoishi mitaani mnajua: kwetu kukonda ni tangazo. Ukipungua kidogo, majirani wanakuzika kwa maneno kabla hujafika kwenye kona. Kwa hiyo kile kitambi kilikuwa wakili wa Wanjala. Kilitembea mbele yake kikimtetea.

Na kliniki yetu tukufu ilifanya nini? Ilimpigia makofi. Virusi havionekani kwenye kipimo! Uzito umepanda! Wageni wakija, Wanjala anasimamishwa mbele kama fahali wa maonyesho ya kilimo. Sigara alizovuta zikinuka mpaka kwenye dari, hakuna aliyemuuliza. Presha yake, hakuna aliyeijua. Fomu za mradi hazikuwa na nafasi ya kuandika presha, na kitu kisicho na nafasi kwenye fomu, kwa akili ya ofisi, hakimo mwilini mwa binadamu.

Aliyenifungua macho ni Matron Kadenyi, Mmaragoli mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Mashine ya presha ilikuwepo. Ilikuwa imefungiwa kabatini, ufunguo uko kwa msimamizi, eti isichakae. Matron akasema mashine isiyochakaa huchakaza watu. Akaenda kusimama mlangoni kwa msimamizi na sauti yake ile mpaka ufunguo ukatoka.

Kisha akanifundisha kupima, na nisikilizeni vizuri, kwa maana nimewaona nyinyi mkipima juu ya sweta mkiwa mnachati. Mtu ametoka kupanda kilima akihema, unamfunga ukanda papo hapo: umepima kilima. Mtu amebanwa na mkojo: umepima mkojo. Mtu anabishana na wewe kuhusu foleni: umepima ubishi. Mwache aende choo, aketi, aegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu, atulie, anyamaze, na wewe unyamaze, ingawa najua hilo ni gumu. Mkono uwe wazi, umelala juu ya meza, usawa wa moyo. Mkono mnene unataka ukanda mpana. Ukanda ukiwa mwembamba, mashine itakudanganya, na wewe utamdanganya mgonjwa.

"Lakini Matron," nikamuuliza, "virusi vyao si vimelala? Moyo unahusikaje?"

"Zamzam, moto uliofunikwa jivu bado unakausha chungu," akasema. "Mwili wa mtu mwenye virusi hukaa macho kama askari wa zamu, hata dawa ikifanya kazi. Mishipa ya damu inachoka mapema. Sasa juu yake mwekee presha, mwekee sukari, mwekee sigara na mafuta. Tumewatoa kwenye mlango wa Ukimwi, tutawaacha wafe kwenye mlango wa moyo?"

Nilimpima Wanjala. Ilikuwa juu. Nikamwacha apumzike, nikampima tena. Juu. Aliporudi kliniki iliyofuata, juu vile vile.

"Hiyo ni stress, Sista," akasema. "Landilodi mmoja amenisumbua na geti lake."

"Basi huyo landilodi anakaa ndani ya mishipa yako, maana kila ukija namkuta. Unahitaji dawa."

Akarudi nyuma na kiti chake kama nimemwonyesha nyoka. "Ya presha? Zii! Hiyo ukianza huachi mpaka kaburini."

"Na hizi za virusi uliziacha lini?"

Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Kisha akainama, akapunguza sauti. "Hizo nimezoea, Sista. Hizo ni kama chai ya asubuhi. Lakini nikiongeza zingine, nitakuwa mgonjwa kweli."

Mtu aliyemeza dawa za virusi miaka yote hiyo bila kukosa, anaogopa kidonge cha presha! Na si yeye peke yake, nimewaona makumi. Mama anakataa kwa sababu jirani yake alianza vidonge vya presha akafa. Ukimuuliza jirani alivimeza mpaka lini, anakwambia alivitupa baada ya kichwa kuacha kuuma. Presha haiumizi kichwa, nyinyi watu! Wengi huwa haiwaumizi popote, mpaka siku inapowaangusha.

Lakini nisiwabebeshe wagonjwa mzigo wote. Dawa za virusi zilikuwa bure, zimejaa rafu, zinakungoja. Za presha zilikuwa dirisha jingine, siku nyingine, foleni nyingine, na ukifika unaambiwa zimekwisha, nenda kanunue duka la dawa. Fundi wa kibarua atafunga kibanda mara ngapi? Virusi vilikuwa na wafadhili, moyo ulikuwa yatima. Wanjala akachukua karatasi niliyomwandikia, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, na mambo yakaishia mfukoni.

Nikajaribu sigara.

"Mimi huvuta nikichomelea tu, Sista. Moshi kwa moshi."

"Basi siku ukizama mtoni unywe na maji, maji kwa maji."

Alicheka pia. Huyo mtu alikuwa anacheka! Watu wanaocheka sana kliniki waogopeni. Wamekwisha amua hawatafanya unachosema, sasa wanakushukuru kwa burudani.

Asubuhi moja nikiwa na siku yangu ya mapumziko, Nafula alinipigia simu.

"Sista, ulcers zimemshika baba watoto. Amekunywa maziwa, amekula dawa ya gesi ya chemist, haisaidii."

"Anatoka jasho?"

"Kama amemwagiwa ndoo."

"Maumivu yako wapi?"

"Kifuani, katikati. Anasema kama mtu amemkalia. Na taya. Na huu mkono."

"Nafula, vidonda vya tumbo havina njia ya kufika kwenye taya. Huo ni moyo. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

"Amekataa. Anasema amalize geti la watu kwanza."

Nilipanda bodaboda na leso ya nyumbani kichwani. Nilipofika kibandani nikamkuta Wanjala ameketi juu ya lile geti, uso umekuwa wa rangi ya jivu, na kumzunguka kulikuwa na baraza zima la madaktari wa barabarani. Kijana wa duka la dawa anasema gesi. Mwenye saluni anasema amerogwa na mshindani wake. Muuza mboga ana kikombe cha maji ya shubiri. Mzee mmoja ambaye hata hakuulizwa anasema apigwe mgongoni. Kila mmoja ana hakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametafuta gari.

"Tokeni hapo!" niliwaambia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kadenyi.

Nikamuuliza Wanjala kama aspirini huwa inamdhuru, au kama amewahi kutapika damu. Akatikisa kichwa. Nikachukua kidonge kwa yule kijana wa duka la dawa, nikampa atafune. Kamau, huyo mwenzake, mtu mrefu mkimya, akamsimamisha mteja aliyekuja kwa pikapu kuchukua mlango, akamwambia mlango utangoja. Tukampakia Wanjala, Nafula akamshika kichwa, mimi nikaketi kando yake, Kamau akakaa nyuma akimzuia asibiringike.

Hospitalini tulipokewa na daktari msichana, mwepesi wa mikono. Kabla hatujamaliza kueleza alikuwa amekwisha agiza kipimo cha moyo. Huyo sina neno baya juu yake, na mnanijua, kama ningekuwa nalo ningelisema. Wanjala alikuwa amelala kitandani, bega lake kwenye mkono wa Kamau.

"Unatumia dawa zozote za kila siku?" daktari akamuuliza.

Wanjala akamtazama Kamau. Kisha akatazama dari. "Panadol tu. Mara moja moja."

Nafula akafumba macho. Nilijua kuna dawa za mafuta ya damu na dawa za moyo ambazo hazipatani na baadhi ya ARV, na Wanjala miaka hiyo alikuwa kwenye zile zile za kugombana. Daktari asipojua anaweza kumpa kitu cha kumdhuru. Lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Si yangu kuitangaza mbele ya mwenzake wa kazi, hata akiwa anakufa kwa ujinga. Nimewasikia nyinyi mkiulizana kutoka upande huu wa wodi hadi ule, "Huyu ni wa ile kliniki?" Mnadhani mmeficha kwa kusema "ile". Mnafaa kufungwa midomo kwa plasta. Ukitaka jibu la kweli, ondoa watu kwanza, ndipo uulize.

"Kamau," nikasema, "hebu kamtafutie mwenzako maji ya kunywa."

Kamau hakusogea. "Sista, maji yako hapo mezani."

"Yaliyo baridi."

Akanitazama, akamtazama Nafula, kisha akamwinamia Wanjala.

"Boss," akasema polepole, "mwambie daktari. Ama nimwambie mimi?"

"Umwambie nini?" Wanjala akauliza.

"Mtu haendi kununua vyuma miaka yote hii akirudi mikono mitupu. Mimi najua tangu ile wakati ulikonda. Nilikuwa nangoja uniambie ukiwa tayari. Sasa unataka kufa ndio nisijue?"

Machozi yakamtoka Wanjala, yakashuka kuelekea masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Akamgeukia daktari.

"Natumia ARV. Miaka mingi."

"Sawa," daktari akasema, kama mtu aliyeambiwa saa. "Zipi?" Nafula akazitaja zote kwa majina, bila kukosea. Daktari akaendelea na kazi. Kamau naye akaenda kuyatafuta yale maji baridi, kwa vile sasa alihitaji mahali pa kujifuta uso.

Hebu oneni upuuzi wa siri. Mtu amevuka mitaa miaka nenda miaka rudi ili asionekane na mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa anajua, naye amejitesa kwa kujifanya hajui.

Wanjala hakufa. Moyo wake ulikuwa umeumia, sehemu yake imekufa na haitarudi, lakini uliobaki ulitosha kumrudisha nyumbani. Nilipokwenda kumwona wodini, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Sista, kama hizi dawa na virusi ndivyo vimeniletea moyo, si niache za virusi?"

Nilitaka kumpiga kwa mto. "Ukiziacha virusi vitaamka, na vikiamka vitaumaliza huo moyo uliobaki, kisha na wewe. Daktari atakubadilishia zinazopatana na za moyo. Kazi yako ni kumeza, kutupa sigara, kutembea, na kupunguza ile chumvi unayomwagia nyama choma kama unamwagia mahindi ya kuchoma."

"Sista, huoni huruma?"

"Huruma niliimaliza nikiwa nyuma ya pikapu."

Sigara zilimtoa jasho. Aliacha, akarudia, Kamau akamfuma nyuma ya kibanda, wakagombana mpaka watu wakatoka dukani. Akaacha tena. Kazi nzito Kamau akaichukua, Wanjala akabaki na kupima na kukata. Mimi nikaiweka mashine ya presha juu ya meza yangu ya ARV: unayechukua dawa za virusi, hapo hapo unapimwa, na kama zipo, unachukua na za presha. Msimamizi alinung'unika kwamba hicho si kigezo chetu. Baadaye mradi ukaligundua wazo hilo upya, ukalizindua kwa fulana na hema, na yule bwana wa samaki wa bahari baridi akatoa hotuba. Nilipiga makofi na mkono mmoja. Mwingine ulikuwa unampima mtu.

Siku Wanjala alipokuja kuomba uhamisho, aende akachukulie dawa kwao Kawangware mchana kweupe, Nafula alimsindikiza. Nikampima Wanjala, nikaridhika. Nafula alikuwa amesimama ukutani akijikanda kisogo.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Hakuna. Kichwa kidogo. Usiku silali, nasikiliza kama anapumua."

"Njoo uketi."

"Mimi, Sista? Mimi sina ugonjwa. Mgonjwa ni huyu."

Msimamizi alikuwa akipita na faili zake. "Sista Zamzam, huyo mama hana virusi. Si wetu."

Si wetu! Miaka yote hiyo Nafula alikuwa akiingia na kutoka mlango ule. Alimshikia mumewe suruali, akamkumbusha dawa, akazikariri kwa majina, akamfunikia siri, akamshika kichwa kwenye pikapu. Wanakula ugali mmoja, chumvi ya sufuria moja, wasiwasi wa nyumba moja. Hakuna aliyewahi kumfunga ule ukanda mkononi, kwa sababu damu yake ilikuwa na hatia ya kutokuwa na virusi.

"Leo ni wangu," nikamwambia msimamizi. "Sogea, unanizibia taa."

Nikamketisha. Nikamngoja atulie. Wanjala akataka kufanya mzaha, nikamwonyesha kidole, akanyamaza. Mashine ikavuma, ikapumua, ikatoa namba. Nikapima tena mkono wa pili. Presha ya Nafula ilikuwa juu kuliko ya mumewe siku yoyote niliyompima.

Nafula alinisoma usoni. Aliweka mkono wake juu ya meza, bado uko wazi, akautazama kama si wake.

"Ukianza si huachi?" akauliza.

Aliyejibu ni Wanjala, na mara hii hakucheka.

"Tutameza pamoja, mama," akasema. "Mimi nitakuwa nakuamsha."